Kuanzisha kwaya ya vijana wenye usonji: sisi Kigoma tulifanya hivi

Nianze na kosa langu, maana ndio lililonifundisha karibu yote nitakayoandika hapa. Nimefundisha kwaya za kanisani miaka mingi, hizi za kawaida zenye soprano, alto, teno na besi, mazoezi ya jioni, spika mbili kubwa, kinanda, na mwalimu anayegonga meza kwa rula mtu akikosea. Dada yangu ana kijana mwenye usonji, sasa hivi ana miaka 17, na huyu mpwa wangu anaimba vizuri kuliko nusu ya waimbaji wangu, ukimtolea do anaishika na haiachii. Nikasema aah, mbona rahisi, nakusanya vijana kama yeye nafungua kwaya. Siku ya kwanza wakaja kumi na moja kwenye ukumbi tulioazimwa Mwanga, hapa hapa Kigoma mjini, jirani na soko, nikawasha spika, mpiga kinanda akaanza kujaribu sauti zote za kinanda kama wanavyopenda, na kabla hata dakika kumi hazijaisha wawili walikuwa chini ya benchi wameziba masikio, mmoja ametoka mbio mpaka barabarani, na mama mmoja analia. Hatukuimba hata mstari.

Nilikuwa nimejenga kwaya ya kanisani halafu nikataka vijana wajibane waingie humo. Ikabidi nianze upya, nitengeneze kwanza saa moja ambayo wao wataiweza, wimbo uje baadaye. Kama na wewe unataka kuanzisha kitu kama hiki, iwe Kasulu, Uvinza, Tabora au popote, shika hilo, mengine yote yanatoka hapo.

Usonji kwa kifupi

Sitaki kukaa sana hapa. Ni namna ubongo wa mtu unavyokua tofauti tangu utotoni, hauambukizi, hautokani na malezi mabaya, na sio mapepo wala jini wala mkono wa jirani. Nasema hivyo kwa sababu huku kwetu mzazi akifika kwangu mara nyingi ameshapita kwa mganga na kwenye maombi ya usiku kucha, simcheki wala simgombezi, navuta kiti nampa akae. Kijana mwenye usonji anaweza kuongea kama redio au asiongee kabisa, anaweza kurudia maneno yako vile vile ulivyoyatamka, anaweza kujitikisa mbele nyuma au kupepea vidole, wengi wanapenda mambo yaende vile vile kila siku, na masikio, macho na ngozi zao zinapokea vitu kwa nguvu kuliko zetu. Kiti kikiburuzwa sakafuni we hata husikii, yeye ni kama umempigilia msumari sikioni.

Muziki umo kwenye habari hii tangu mwanzo kabisa. Daktari Leo Kanner wa Marekani, yule aliyeandika kuhusu usonji mwaka 1943, alieleza habari za watoto 11, na yule wa kwanza kabisa kwenye maelezo yake alikuwa na uwezo wa kuimba nyimbo nyingi bila kukosea akiwa na mwaka mmoja tu. Kwa hiyo ukikutana na kijana hasemi neno lakini anavumisha wimbo wote wa tangazo la redio mpaka mwisho, usishangae sana.

Ila usikimbilie kuwaahidi wazazi makubwa. Kuna utafiti mkubwa ulitoka 2017, watoto 364 kutoka nchi 9, uliangalia tiba ya muziki ile ya wataalamu kabisa, na haukuona dalili za usonji zikipungua zaidi ya kwa wale waliopata huduma za kawaida tu. Sasa mama akikuuliza "mwalimu, akiimba ndio ataanza kuongea?" mjibu ukweli. Mi huwa namwambia mama, ataimba, na kila Jumatano atakuwa na pa kwenda penye watu wanaomjua jina, hilo naweza kukuahidi. Kuna wanaosikia jibu hilo hawarudi tena. Wanaorudi wanakaa.

Siku, saa na chumba

Hapa nimeumiza kichwa kuliko hata kwenye nyimbo. Mji wetu una kila dini, ukienda Ujiji Waislamu ni wengi, kuna Wakatoliki, Waanglikana, Wapentekoste, Wasabato, na usonji haukubagua nyumba. Ukiweka Jumamosi umewakosa Wasabato, Jumapili asubuhi ndio usiseme, Ijumaa mchana haiwezekani. Tukaangukia Jumatano, saa kumi na moja jioni mpaka saa kumi na mbili kasoro robo. Saa hiyo iko katikati ya adhana ya alasiri na ya magharibi, na hapo simaanishi vibaya, ni kwamba spika yoyote ikifunguka ghafla katikati ya wimbo kuna vijana wangu wawili watashtuka na siku imeishia hapo. Halafu joto limepungua, na sisi huku magharibi jua linachelewa kuzama kuliko Dar, linakaribia saa moja, kwa hiyo wanafika nyumbani bado kuna mwanga. Dakika 45 zinatosha. Wakishazoea utatamani kuongeza iwe saa na nusu, usiongeze.

Kitu ambacho mtu wa Dar hawezi kukuambia ni habari ya mwezi. Wazazi wengi wa vijana wangu ni watu wa Kibirizi na Katonga, baba anavua dagaa usiku kwa taa, mama anaanika na kuuza. Mwezi ukiwa mkubwa dagaa hawafuati taa, wavuvi wanapumzika, baba yuko nyumbani na anamleta kijana mwenyewe tena kwa furaha. Giza likirudi, mama ana mzigo umejaa mchangani na hawezi kuuacha. Miezi miwili ya mwanzo nilidhani wazazi wamekata tamaa, kumbe ni kalenda tu, mi ndio sikuisoma. Siku hizi wakati wa giza tuna bajaji moja inayopita kuwachukua, dereva yule yule, maana dereva akibadilika kuna kijana hapandi hata umsukume, na nauli wazazi wanachanga kila mtu kwa uwezo wake.

Chumba: kabla hujakikubali nenda ukakae peke yako humo siku ile ile na saa ile ile utakayofanya mazoezi, kaa dakika zote 45 usikilize. Utasikia mashine ya kusaga, saluni yenye muziki, fundi wa kuchomelea, bodaboda zinazoongeza moto kwenye kilima. Angalia juu pia. Paa la bati lisilo na dari wakati wa mvua, na mvua zetu huku zikianza Novemba zinakwenda mpaka Aprili hivi, ni kama mtu anamwaga kokoto, na hapo hata wewe husikii wimbo. Sisi tuliishia kwenye darasa la shule ya msingi lenye dari, tukatandika mikeka ili viti visipige kelele na chumba kisirudishe mwangwi, tukaning'iniza vitenge vizito kwenye ukuta mmoja. Taa za zile tyubu zinazopepesa tunazizima, mwanga wa dirishani unatosha. Na kona moja nyuma ya kabati tumeweka mkeka na pazia la khanga, hiyo ndio kona ya kutulia, mtu akienda huko haulizwi wala hafuatwi, akitaka kuimba akiwa ndani ya pazia anaimba, yuko mmoja mwaka mzima wa kwanza aliimba besi akiwa huko.

Wachache kwanza

Usichukue kumi na moja kama mimi. Chukua watano au sita, na wasaidizi wasiopungua watatu. Wasaidizi wazuri kuliko wote niliowapata ni kaka na dada zao, wale wa sekondari, maana wanajua tayari ni nini kinamuudhi nani, na wanaimba pia, kwa hiyo sauti ya kwaya inanenepa. Vijana utawapata kupitia walimu wa vitengo vya elimu maalumu vya shule za msingi, kwa maafisa ustawi wa jamii, na kwa kina mama wenyewe, ukimpata mama mmoja sokoni anawajua wengine watatu ambao wanakaa ndani na hakuna anayewaona.

Kabla kijana hajaja hata mara moja, nenda kwao ukae na mzazi. Mi huwa naandika kwenye daftari: sauti gani anaichukia, anapenda kuguswa au hapendi, akiwa amechoka anafanyaje, nini kinamtuliza, anakula nini, anajieleza vipi akitaka choo, ana kifafa, anatoroka, anapenda kitu gani mpaka wanamchoka nyumbani. Hilo la mwisho ndio dhahabu, nitalirudia. Kama anaweza kujibu mwenyewe muulize yeye, sio umuulize mama yake huku yeye amekaa pale kama vile hayupo, hawa ni vijana, wengine wana ndevu.

Kamba na vibanio

Nunua karatasi za manila, kalamu nene, kamba ya kuanikia nguo na vibanio. Chora picha moja kwa kila kitu mtakachofanya: mkono wa salamu, pua ya kupumulia, mdomo ulio wazi, kikombe cha maji, mdomo tena, mlango. Sio lazima uwe mchoraji, kikombe changu kilifanana na kuku na kikakubalika. Zibane kwenye kamba kwa mpangilio, kushoto kwenda kulia, ukutani pale kila mtu anapoona. Kila hatua ikiisha kadi yake inatolewa inaingia kwenye boksi.

Tuna binti mmoja wa Gungu hasemi, na kazi ya kadi ni yake. Hatuendi mbele mpaka aitoe, hata kama mi nina haraka, na siku moja nilitaka kuruka maji kwa sababu tulichelewa kuanza, akasimama mbele ya kamba akaangalia kikombe, akaniangalia mimi, kwaya nzima ikanyamaza, ikabidi tunywe maji. Alikuwa sahihi. Kama kuna kitu kitabadilika wiki ijayo, badilisha kadi mapema, tuma picha yake kwa mzazi kwenye WhatsApp siku mbili kabla amwonyeshe. Mgeni anakuja? Tuma picha ya mgeni.

Mazoezi yenyewe

Tunaanza na wimbo wa salamu ambao haujawahi kubadilika, noti mbili tu, so halafu mi, ile ile ambayo watoto wanaitana nayo barabarani. Naimba jina la mmoja, anajibu jina lake, au anagonga kiganja mezani, au ananyoosha kidole, au haoni haja ya kujibu. Hapa kuna siri ambayo ilinichukua muda kuijua: subiri. Ukishamwita hesabu kimoyomoyo mpaka kumi. Sisi walimu wa kwaya ukimya unatuwasha, tunaujaza maneno, na kila ukiongeza maneno yeye anaanza upya kuyachambua. Mpwa wangu anajibu kwenye saba hivi. Nilikuwa namkatisha kila siku nikidhani hataki.

Kupasha sauti tunafanya kwa vitendo vinavyoonekana, puliza kama unapuliza jiko la mkaa, nguruma mmm kama injini ya boti inayokaribia mwalo. Na chunga maneno yako. Siku moja nikasema kama ninavyowaambia wote kanisani, "toeni sauti tumboni", kijana mmoja akapandisha shati akaangalia tumbo lake kwa makini kabisa, akaniambia haipo. Sema kitu kama kilivyo: weka mkono hapa, vuta pumzi, mkono usogee.

Solfa, yaani ile do re mi, ndio mkombozi, na hasa zile ishara za mkono ambazo kwaya nyingi zimeziacha. Mwingereza John Curwen ndiye aliyeeneza solfa karne ya 19, akichukua kazi ya mwalimu mmoja wa kike wa Norwich, Sarah Glover, na ishara za mkono akaziongeza karibu 1870, wamisionari wakaja na solfa huku Afrika na ndio maana babu yako anasoma do re mi bila kujua noti za mistari. Do ni ngumi usawa wa kiuno, re kiganja kinapanda kama mteremko, mi kiganja kimelala, fa dole gumba linaangalia chini, so kiganja kinakuangalia wewe mwimbaji, la mkono unaning'inia, ti kidole kinaelekeza juu, do ya juu ngumi tena usawa wa macho. Kijana ambaye maneno yanamchosha anaona sauti inapanda na kushuka kwa macho. Asiyeimba anaweza kuonyesha kwa mkono, na binti yetu wa kadi anaongoza fungu zima la alto hivyo.

Wimbo mpya ni mstari mmoja kwa wiki. Mmoja. Naimba mara mbili wao wanasikiliza, mara ya tatu anayetaka anaingia. Usibadilishe ki, yaani sauti mnayoanzia wimbo. Wapo vijana wenye usonji ambao masikio yao yanashika sauti kamili, yaani wanaijua noti bila kupewa nyingine ya kulinganisha, na wimbo ukiufundisha kwenye G halafu wiki inayofuata ukauanza F kwa sababu una mafua, kwake huo ni wimbo mwingine umevaa maneno ya kwanza. Mpwa wangu anatoka nje kabisa. Kwa hiyo nina kinanda kidogo cha kitoto, nakibonyeza noti moja tu mwanzo wa wimbo, kazi yake imeisha. Spika hatuna. Kayamba tunayo moja na anayeishika ni yule yule, ngoma tumejaribu na tumeacha, labda mwakani.

Wale wa kuvunja sauti, miaka 13 mpaka 15 hivi, usiwalazimishe waende juu, waache kwenye noti nne tano walizonazo. Hilo ni la vijana wote, halina usonji ndani yake.

Nyimbo zitoke kwao

Nilianza na nyimbo za dini nikaona nitagawa watu. Kilichofanya kazi haraka ni mtindo wa mchakamchaka, kiongozi anatupa mstari mfupi, wote wanaitikia kitu kile kile. Anayerudia rudia maneno, ambaye darasani anagombezwa kwa hilo, hapa ndio mfalme, maana kiitikio ni kurudia. Na mtu asiye na maneno anashika sauti moja ndefu chini, aaa, na ghafla wimbo una sakafu.

Halafu ile dhahabu niliyosema. Kuna kijana wetu anapenda treni. Sio anapenda kidogo, anapenda mpaka mama yake anaziba masikio, kila siku anataja stesheni kutoka hapa mpaka Tabora kwa mpangilio bila kuruka. Kwa miezi mitatu alikuja mazoezini hakuimba chochote, anakaa dirishani anataja stesheni kimya kimya. Siku moja nilivyochoka nikaanza kumwigiza, nikaiweka kwenye so na mi:

Kigoma, Uvinza, Malagarasi,
Nguruka, Usinge, Kaliua,
Urambo, Tabora, tumefika.

Akageuka. Wiki iliyofuata yeye ndiye kiongozi, anataja stesheni na kwaya inaitikia "twende", na tena alinirekebisha kwamba nimeacha stesheni nyingine ndogo ndogo, nikamwambia noti haziniruhusu, akafikiri akasema basi treni hii haisimami kila mahali. Huo ndio wimbo wetu mkubwa mpaka leo. Usidharau kile wanachokitaja mpaka mnawachoka, awe ni samaki, nembo za magari, siku za wiki au bei za vocha, kiweke kwenye noti mbili uone.

Akilipuka

Itatokea. Kelele, kujipiga, kulala chini, kutupa kiti. Deko la mtoto anayetaka pipi ni kitu kingine, huyu amezidiwa, kama birika lililofunikwa likachemka. Nyamaza kwanza wewe. Wengine wasimame na kusogea na msaidizi mmoja upande wa pili, mmoja tu abaki karibu yake bila kumshika, labda kama anajiumiza, na asimuulize maswali. Ondoa kilichosababisha ukikijua. Usiseme "aibu, wenzako wanakuangalia". Akitulia usidai aombe radhi, mpe maji, kadi zikiendelea ataingia pale walipofika. Baadaye ndio uandike daftarini nini kilitangulia, maana karibu kila mara kuna kitu, kwetu mara moja ilikuwa lebo ya shingoni kwenye sare mpya. Toka siku hiyo sare zetu ni kitenge kilichofuliwa mara tatu kabla ya kushonwa, lebo hakuna, na asiyeweza kuvaa anavaa shati lake mwenyewe lenye rangi ya karibu.

Vile vya kufunika masikio wanavyovaa mafundi wa grainda vinapatikana maduka ya vifaa vya ujenzi, nunua viwili vitatu viwekwe pale pale mlangoni kila siku.

Ziwa

Hapa naomba uniskilize hata kama umeruka mengine. Vijana wenye usonji wapo wengi wanaotoroka bila kuaga, na wengi maji yanawavuta, na kuzama ni moja ya mambo yanayowaua zaidi. Sisi tuna Ziwa Tanganyika mlangoni. Mazoezi yako yawe na mlango mmoja na mtu mzima anayekaa hapo tu, haimbi, hachati. Hesabu vichwa wakiingia, katikati, wakitoka. Ndani ya mfuko wa sare shonea kitambaa chenye namba ya simu ya mzazi. Akipotea, usianze kumtafuta sokoni, mtu wa kwanza aende majini. Na mkiweza mfundisheni kuogelea, kijana wa Kigoma asiyejua kuogelea ni hatari tupu, mwenye usonji zaidi.

Kifafa kinawapata zaidi kuliko vijana wengine, kwa hiyo wasaidizi wote wajue: mlaze ubavu, ondoa vitu vya kumuumiza, usimtie kijiko wala kitu chochote mdomoni, usimshikilie, angalia saa, ikipita dakika tano hospitali. Mtu mzima mmoja asibaki peke yake na kijana chumbani, na chooni pia mkubaliane na mzazi nani anampeleka. Picha na vidio haziendi kwenye stetasi ya mtu bila mzazi na kijana mwenyewe kukubali, hata kama ni nzuri kiasi gani, na najua zitakuwa nzuri.

Hela na makaratasi

Kwa mwanzo huhitaji hela nyingi, manila, mikeka, maji, nauli. Biskuti ziwe aina moja kila wiki, na yule wa mihogo ya kukaanga aje na mihogo yake. Jitambulisheni ofisi ya kata mapema na kwa afisa maendeleo ya jamii, mtu asije akaanza kuuliza mnawafanyia nini watoto wa watu humo ndani. Baadaye mkitaka kufanya biashara ya kikundi, halmashauri zina ile asilimia 10 ya mapato ya ndani, 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu, ila ni mkopo, unarudishwa, usije ukawaambia wazazi ni zawadi.

Kuimba mbele ya watu

Tarehe 2 Aprili ni Siku ya Usonji Duniani na utapata simu mfululizo wakitaka mje kuimba uwanjani. Mwaka wa kwanza kataa. Sisi tulikaa mwaka mzima ndio tukaimba mbele ya wazazi tu, kwenye darasa lile lile, siku ile ile ya Jumatano, saa ile ile, kitu kipya kilikuwa viti vya wageni na kadi moja mpya yenye picha ya watu wamekaa. Wiki mbili kabla tulivipanga vile viti vitupu tukaimbia viti.

Kazi ngumu ni kufundisha wageni. Tuliwaambia mapema hakuna makofi, mkifurahi inueni mikono mpunge, na mshehereshaji hatukuweka kabisa maana hawa watu hawajui kuongea taratibu. Vigelegele ndio vilinipa wasiwasi. Ukimwambia mama wa Kigoma asipige kigelegele mwanae akiimba kwa mara ya kwanza ni kama umemwambia asipumue, na kweli bibi mmoja wa Ujiji kilimtoka, nusu, akakiziba na ukaya wake mdomoni, akakaa anatikisika mabega mpaka wimbo ukaisha. Vijana waliovaa vya masikio hata hawakujua. Nyimbo ziwe tatu tu, dakika kumi, kwisha, soda.

Jumatano inayofuata baada ya onyesho msipumzike, mazoezi yawepo kama kawaida na kadi zile zile, maana watu wazima tunaona tumemaliza kazi, wao wanaona ni Jumatano. Wazazi walipokuwa wanashikana mikono na kupiga picha za viti, yule kijana wetu wa treni hakumsalimia mtu, alinifuata pale nilipokuwa nakunja kamba akaniambia nimewahisha, tumeipita Usinge bila kusimama vizuri. Nikamwuliza turudie? Akasema kuanzia Kigoma. Basi tukaanzia Kigoma, watu wanabeba viti, binti wa kadi akarudisha kadi ya mdomo kwenye kamba akaibana.